Usiiwashe seva hiyo kabla ya kuirudisha has_totag()

Usiiwashe. Umeuliza namna ya kuhamia lango la pili (lango ni kifaa cha kupitishia simu kwenda nje) pale la kwanza linapokataa, na namna ya kusajili simu za nyumba za wageni za Shela zilizo nyuma ya ruta, lakini mimi nimekwama pale uliposema kwamba umeifuta sehemu ya has_totag(), inayoangalia kama ombi ni la simu iliyokwisha kuanzishwa, ili skripti yako ya Kamailio, programu ya seva inayoelekeza simu za intaneti, iwe fupi. Hapo hapo ndipo nilipoungua.

Hoteli moja hapa Malindi ilinipa kazi ya kuunganisha simu za vyumbani na malango mawili ya kupigia Italia. Nikaandika njia moja tu: kila ombi linaloingia lichaguliwe lango kwa bahati nasibu, kisha t_relay(), yaani lipelekwe huko. INVITE, ombi la kuanzisha simu, ilipita, simu ikalia, nikajiona bingwa. Kumbe ACK, ombi la kuthibitisha kwamba jibu la 200 (simu imepokelewa) limefika, haimo katika muamala wa INVITE, yaani ombi hilo na majibu yake. Ni ombi linaloanza upya juu ya skripti, na kila ilipoangukia lango lisilohusika, lango lililokuwa likiisubiri lilirudia 200 OK kwa sekunde 32, yaani mara 64 ya ile nusu sekunde ya T1 (kipimo cha muda wa kusubiri) iliyomo katika RFC 3261, waraka wa kanuni za SIP, itifaki ya simu za intaneti, kisha likakata. Sekunde 32 hazitoshi hata kujuliana hali, nami nikailaumu intaneti.

Hayo yalikuwa madogo. Mgeni mmoja aliipigia ofisi ya tiketi, akawekewa muziki wa kusubiri, akachoka, akaweka mkono wa simu chini. BYE yake, ombi la kukata simu, ikapelekwa lango lisiloijua simu hiyo, likajibu 481 (simu hiyo haipo), na lango la kweli likaendelea kuhesabu dakika mpaka alfajiri huku muziki ukimchezea asiyekuwepo. Bili ilikatwa katika ujira wangu, kwa hiyo naweza kusema niligharamia tamasha la Kiitaliano bila kusikia hata wimbo mmoja.

Aliyenifundisha, kwa ada, alisema SIP ni kama posta: barua ikifika, kazi imekwisha. Posta gani hiyo ambayo barua ya kwanza huipeleka Mombasa, na ya pili ya mtu yuleyule huitupa Garissa?

Basi, kabla hujafikiria lango lolote, kila ombi liulizwe kama lina tegi kwenye To, kichwa kinachomtaja anayepigiwa; hiyo ndiyo kazi ya has_totag(). Likiwa nayo, simu imekwisha kuanzishwa, hivyo lifuate loose_route(), yaani njia iliyoandikwa ndani ya ombi, ambayo itafanya kazi ikiwa tu uliweka record_route(), inayoiandika njia hiyo, kwenye INVITE ya kwanza. ACK isiyo na Route, yaani njia hiyo, ipimwe kwa t_check_trans(), inayotafuta muamala wake, maana ACK ya jibu la kukataliwa ni ya muamala uleule; isipolingana na muamala wowote, itupwe. Kisha exit, skripti iishie hapo.

Kuhamia lango la pili ni kuweka t_on_failure(), inayosema la kufanya simu ikishindikana, kabla ya t_relay(), lakini hilo na zile simu za nyuma ya ruta vitasubiri. Rudisha sehemu ya has_totag() leo, piga simu, kata wewe mwenyewe, utazame kwenye sngrep, programu ya kuonyesha ujumbe wa SIP, kama BYE imejibiwa 200 au 481.