Umbali wa Nairobi hadi New York: kwa nini rula ya ramani haitoshi

Ndugu uliyeuliza kwa nini rula yako inakupa umbali wa Nairobi hadi New York ulio mkubwa kuliko unaotajwa na watu wa ndege, kosa hilo nalifahamu, kwa kuwa nililifanya mbele ya darasa. Nilipokuwa nikifundisha jiografia, nilipima ramani ya ukutani ya aina ya Mercator, ile inayoichora dunia ya mviringo kama mstatili, kwa skeli ya Ikweta, yaani kipimo kilicho sahihi kwenye Ikweta tu, nikaandika ubaoni kilomita 13,300, ilhali umbali wenyewe ni kilomita 11,800 na kidogo.

Ramani ya aina hiyo huvuta nchi zikaonekana kubwa kadiri zinavyokaribia ncha za dunia, hivyo sentimita moja kwenye latitudo ya New York hubeba kilomita chache kuliko sentimita moja ya huku kwetu. Isitoshe, mstari ulionyooka juu ya karatasi, ambao hupita Nigeria na Burkina Faso, si njia fupi. Njia fupi, yaani ya duara kuu (duara linaloizunguka dunia na kuigawa nusu kwa nusu), hutoka Nairobi ikielekea kaskazini-magharibi, ikapita juu ya Uganda, Sudani Kusini na Chad, ikakata jangwa la Algeria na kisha Moroko, ndipo ikaingia Atlantiki.

Kesho yake nilirudi darasani na tufe, yaani mfano wa dunia wa mviringo, lenye kipenyo cha sentimita 30 na uzi wa kushonea. Mzingo wa tufe hilo ni sentimita 94 hivi, na mzingo wa dunia ni kilomita 40,000, kwa hiyo kila sentimita ilisimama badala ya kilomita 425. Tuliukaza uzi baina ya miji hiyo miwili, ukatoka sentimita 28, yaani kilomita 11,900. Kwa uzi wa kushonea, nilifurahi mno.

Ukipenda hesabu, zidisha sini za latitudo za miji hiyo miwili (sini na kosaini ni sin na cos za kikokotoo). Kando yake zidisha kosaini za latitudo hizo kwa kosaini ya tofauti ya longitudo. Jumlisha, nawe utapata kosaini ya pembe iliyo katikati ya dunia, baina ya miji hiyo. Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi walipokwama: Nairobi iko kusini ya Ikweta, hivyo latitudo yake ni hasi, na kwa kuwa mji mmoja uko mashariki na mwingine magharibi ya Greenwich, longitudo sifuri, nyuzi zao za longitudo, 37 na 74, hujumlishwa kuwa 111, hazitolewi. Pembe hutoka nyuzi 106.5 hivi. Kila nyuzi ni maili 60 za baharini, basi ni maili 6,390, na kila maili ya namna hiyo ni kilomita 1.852, wala si 1.609 ya maili ya barabarani.

Muda wa safari usiugeuze kuwa umbali. Kenya Airways ilipoanzisha safari ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, kwenda kulitangazwa kuwa saa 15 na kurudi saa 14, kwa kuwa pepo za juu huvuma kutoka magharibi, zikamzuia anayekwenda na kumsukuma anayerudi.