Siku Ile Ilikuwa ya Milt Jackson

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ni rekodi gani ya ala mbili zisizofanana iliyokukaa moyoni, na kwa nini? Yangu ni tarumbeta ya Miles Davis na vaibrafoni ya Milt Jackson katika kibao cha "Bags' Groove". Walikirekodi mkesha wa Krismasi, 24 Desemba 1954, kwa fundi wa kurekodi Rudy Van Gelder huko Hackensack, New Jersey. Studio yenyewe ilikuwa sebule ya wazazi wake Rudy.

Wapenzi wa jazi wakiigusa rekodi hii, maneno yote huishia kwa Miles na Thelonious Monk, aliyekuwa kwenye piano. Miles alimtaka Monk anyamaze kila yeye anapopiga solo, na tangu hapo watu wamesimulia ugomvi, wengine mpaka ngumi, ingawa wenyewe walikanusha. Wapo pia wanaoapa kwamba solo ya Monk ndiyo bora kuliko zote za siku ile. Ni tamu mno, sibishi. Lakini aliyeibeba siku ile ni Milt, na inaniuma anapotajwa kama msindikizaji tu.

Kwanza kibao ni chake, kakitunga mwenyewe. "Bags" ni jina lake la utani. Percy Heath wa besi na Kenny Clarke wa dramu walikuwa wenzake katika kundi la Modern Jazz Quartet. Miles ndiye kiongozi, sawa, ila alisimama mbele ya watu watatu waliokwisha kuzoeana.

Kibao kilipigwa mara mbili. Sikiliza ile ya kwanza, inayozidi dakika 11. Miles anapuliza juu ya besi na dramu peke yake. Noti zake chache, zina nafasi katikati, na pumzi ikikata, sauti nayo imekwisha. Halafu anaingia Milt, na Monk anarudi kumpigia. Vaibrafoni ni vipande vya chuma vinavyogongwa kwa virungu laini. Chini yake kuna mabomba yenye visahani vinavyozungushwa na mota, ndivyo vinavyoutikisa mlio. Milt alivizungusha polepole kuliko Lionel Hampton aliyemtangulia. Basi anamwaga noti mfululizo, ghafla anaiegemea moja, anaiacha ining'inie, na chuma kile kinatetemeka kama koo la mwimbaji wa bluzi. Zile nafasi alizoziacha Miles ndizo zinazokufanya uusikie mtetemo huo mpaka mwisho wake.

Anayeipenda zaidi "The Man I Love" ya siku hiyohiyo, pale Monk anaponyamaza katikati ya solo yake na Miles akamwita kwa tarumbeta, namwelewa. Ila aurudie wimbo ule toka mwanzo, asikilize Miles akimaliza ile sehemu ya taratibu ni nani anayeupandisha mwendo. Ni Milt.