Maswali na Majibu: Njia Fupi za Capitol Reef na Maji Yanayotoka Mbali

Tangu shule zifungwe, barua nyingi zinazoifikia safu hii zinahusu Hifadhi ya Taifa ya Capitol Reef katika Jimbo la Utah, hasa zile njia zake za miguu ambazo mtu anaweza kuzimaliza kabla ya chakula cha mchana. Nimechagua barua tisa. Zile zilizouliza kiingilio ni kiasi gani nimeziweka kando, kwa kuwa mtu aliyeweza kuniandikia mimi anaweza pia kuwaandikia wenye hifadhi.

Swali: *Tunatoka Salt Lake City asubuhi na tuna nusu siku tu. Tukichagua njia moja, iwe ipi? (Familia ya watu watano)*

Jibu: Chagueni Hickman Bridge. Njia hiyo huanzia kando ya Barabara ya 24, kilomita tatu hivi mashariki ya kituo cha wageni, ikafuata Mto Fremont kwa hatua chache kabla ya kuanza kupanda miongoni mwa mawe meusi ya volkano ambayo hayafanani kabisa na miamba myekundu iliyoyazunguka, kwa sababu asili yake ni milima iliyo magharibi ya hapo. Baada ya kilomita 1.4 mtafika kwenye daraja la asili ambalo maji yalilichonga katika mwamba, lenye upana wa mita 40 kutoka nguzo hadi nguzo, na njia itawapitisha chini yake. Karibu na njia hiyo yapo pia mabaki ya makazi ya watu wa utamaduni wa Fremont, walioishi na kulima katika bonde hili kwa karne nyingi hadi kufikia mwaka 1300 hivi. Wengi huyapita bila kuyatazama kwa kuwa wana haraka ya kupiga picha mbele.

Hata hivyo, mpango wenu una kasoro ambayo hamkuniuliza. Safari ya gari kutoka Salt Lake City huchukua karibu saa nne, kwa hiyo mkiondoka baada ya kifungua kinywa mtaanza kupanda saa sita au saa saba mchana, jua likiwa utosini na maegesho yakiwa yamejaa. Laleni Torrey, mji mdogo ulio nje ya hifadhi, mjaze mafuta huko huko kwa sababu ndani ya hifadhi hakuna kituo cha mafuta, kisha muwe njiani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mkishindwa kufanya hivyo, basi nusu siku yenu itumieni kwa gari, na kupanda mkuache hadi safari nyingine.

Swali: *Hiyo njia ya darajani ni mbali?*

Jibu: Hili ni swali la nne la namna hii katika mwezi mmoja, nami nawaomba wasomaji waache kuniuliza umbali kana kwamba umbali ndio unaochosha. Kwenda na kurudi hakufiki kilomita tatu, na kwenye barabara tambarare ya lami mtoto wa darasa la tatu anaimaliza akiimba. Lakini ndani ya kilomita hizo mnapanda mita 120, ambazo ni sawa na ngazi za jengo la ghorofa arobaini, tena katika mwinuko unaokaribia ule wa Nairobi na katika hewa kavu inayokausha jasho kabla hujaliona. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa amezoea kuujua uchovu wake kwa shati lililolowa. Jangwani shati hubaki kavu, naye hudhani kwamba bado ana nguvu, mpaka kichwa kinapoanza kumwuma.

Ushauri wa kawaida kwa majangwa ya Utah ni lita nne za maji kwa kila mtu kwa siku nzima. Kwa njia fupi si lazima mzibebe zote mgongoni, ila ziwe ndani ya gari, na chupa ya lita moja au zaidi iwe mkononi mwa kila mtu, watoto wakiwemo. Njiani hakuna bomba wala kioski. Soda si maji, na nimechoka kulirudia hilo.

Swali: *Tumesoma kwamba Grand Wash ni tambarare na ina kivuli. Tukiona mbingu ni nyeupe bila wingu, tunaweza kuingia na watoto bila wasiwasi? (Mama wa watoto watatu, Denver)*

Jibu: Mama, ahsante kwa kuuliza kabla ya kwenda, kwa kuwa wengi huuliza baadaye. Ni kweli kwamba Grand Wash ni tambarare. Ni kilomita 3.5 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, hakuna mlima wa kupanda, na katikati kuta za mwamba hukaribiana hadi zikaacha mwanya wa mita chache tu, na kivuli chake ni cha kweli. Laiti ningeulizwa ni njia gani inafaa zaidi kwa watoto katika asubuhi tulivu ya Oktoba, ningeitaja hiyo bila kusita.

Tatizo liko katika hilo neno lako la mbingu nyeupe. Unapokuwa ndani ya korongo unaona kipande cha mbingu chenye upana wa kanga, na kipande hicho hakikuambii lolote kuhusu mvua inayonyesha kilomita nyingi juu yako, mahali ambapo maji yote ya eneo zima hukusanyika na kuteremkia hapo uliposimama. Miamba ile mitupu hainywi maji kama shamba linavyoyanywa. Huyateremsha yote, nayo hufika yakiwa yamebeba matope, magogo na mawe. Wasomaji wangu wa Dodoma hawahitaji kufundishwa somo hili. Sisi tuliokulia huko tulikatazwa kucheza ndani ya korongo wakati wa masika hata siku za jua kali, kwa sababu wazee walijua kwamba maji ya korongo hayana desturi ya kubisha hodi. Nao ndugu zetu wa kaskazini mwa Kenya wanajua jinsi laga kavu inavyoweza kugeuka mto katika muda wa kunywa kikombe cha chai. Nashangaa kwamba mtu huyo huyo akishavuka bahari na kuvaa miwani ya jua huusahau wosia wote wa nyanya yake.

Katika Capitol Reef hatari hii ni kubwa zaidi kati ya Julai na Septemba, wakati ngurumo za mchana ni jambo la kawaida, ingawa haifuati kalenda: mnamo Juni 2022 mafuriko ya ghafla yaliingia Grand Wash yakasomba magari, na watu wakaondolewa kwa helikopta. Siku hiyo hakuna aliyekufa. Katika Hifadhi ya Zion, kusini-magharibi ya jimbo hilo hilo, watu saba walioingia katika korongo jembamba walikufa kwa siku moja mnamo Septemba 2015. Wala tusiseme kwamba haya ni mambo ya Marekani, kwa maana katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, vijana saba wa kanisa walichukuliwa na maji mnamo Aprili 2012, na watu wengine saba wakafa mahali hapo hapo mnamo Septemba 2019.

Kwa hiyo, Mama, asubuhi ya siku yenyewe pita kwenye kituo cha wageni uwaulize askari wa hifadhi utabiri wa mafuriko unasemaje. Wakisema kuna uwezekano, usiingie Grand Wash wala lile korongo jingine la hifadhi, Capitol Gorge, na usilidharau jibu lao kwa sababu jua linawaka. Mkiwa ndani, mkisikia mvumo kama wa lori linalokuja, au mkiona maji yamebadilika rangi, pandeni juu mara moja, mahali popote palipoinuka, na msikimbilie gari. Gari litalipwa na bima. Usitegemee simu, kwani sehemu kubwa ya hifadhi haina mtandao.

Swali: *Bibi yetu ana miaka sabini na minne na magoti yanamsumbua. Je, abaki hotelini?*

Jibu: Hapana, asibaki hotelini! Mpelekeni kwanza kwenye njia ya mbao iliyo kando ya Barabara ya 24, ambako atatembea taratibu mbele ya ukuta wa mwamba wenye michoro iliyochongwa na watu wa Fremont: watu wenye mabega mapana na mapambo kichwani, na wanyama wenye pembe. Bebeni darubini, kwa sababu baadhi ya michoro iko juu. Jioni mpelekeni Goosenecks, ambapo kutoka maegesho ni mita mia moja na sitini hivi tu, aone jinsi kijito kidogo kinachoitwa Sulphur Creek kilivyojipinda na kuchimba korongo refu chini ya miguu yake. Kama magoti yatakubali, kutoka hapo hapo kuna njia ya Sunset Point yenye urefu wa mita 650 hivi, isiyo na mwinuko wa kutisha, na jua linapozama miamba iliyo mashariki hugeuka kutoka rangi ya matofali hadi rangi ya kaa la moto.

Nina onyo moja, nalo halimhusu bibi. Kwenye kingo nyingi za hifadhi hii hakuna uzio, na mawe ya mchanga humeguka. Wazee kwa kawaida husimama mbali na ukingo. Ni wajukuu wenye simu mkononi wanaorudi kinyumenyume.

Swali: *Naruhusiwa kurusha droni?*

Jibu: Hapana. Imepigwa marufuku katika hifadhi zote za taifa za Marekani tangu mwaka 2014, na mwaka huu peke yake nimelijibu swali hili mara sita.

Swali: *Katika Capitol Gorge tuliona majina ya watu wa kale yamechongwa ukutani na yanatunzwa kama hazina. Kwa nini wao walichonga na sisi tunakatazwa? Si ubaguzi huo? (Kijana wa Phoenix)*

Jibu: Kijana, hoja yako ina ncha, kwa hiyo nitaijibu kwa heshima. Majina hayo, ambayo ya mwanzo kabisa ni ya mwaka 1871, yaliachwa na watafuta madini na walowezi waliopita hapo wakati korongo lenyewe lilikuwa barabara. Magari yaliendelea kupita humo hadi mwaka 1962, barabara mpya ilipofunguliwa kandokando ya Mto Fremont, na kila baada ya mafuriko wenyeji walilazimika kuondoa mawe upya. Mtu aliyeifanya safari hiyo kwa gari la farasi alikuwa akiandika kwamba amefika akiwa hai. Wewe umetembea dakika kumi na tano kutoka kwenye gari lenye kiyoyozi.

Wala sisemi kwamba walowezi walikuwa malaika. Baadhi ya watu wa zamani walichonga majina juu ya michoro ya watu wa Fremont waliotangulia, na huo ulikuwa uharibifu wakati ule kama ulivyo uharibifu leo. Isitoshe, kosa la babu halimpi mjukuu leseni. Mwamba ule ni laini, jina likishaingia halitoki, na anayejaribu kulifuta huacha kovu kubwa kuliko jina.

Kwa kuwa umeshanipa nafasi, niongeze jambo. Ule udongo mweusi wenye vinundu mnaouona pembeni ya njia ni kitu hai: vijidudu, kuvu, kuvumwani na mimea midogo vilivyoshikamana na kuizuia ardhi isipeperushwe na upepo. Hatua moja ya kiatu huvunja kilichohitaji miaka mingi kukua. Tembea juu ya njia, juu ya mwamba au juu ya mchanga wa mkondo mkavu, basi.

Swali: *Ndala zinafaa kwa Cassidy Arch?*

Jibu: Hazifai. Njia hiyo ya kwenda kwenye tao la mwamba hupanda zaidi ya mita 200 juu ya mwamba mtupu kandokando ya maporomoko.

Swali: *Kwa nini jangwa liitwe kwa jina la mwamba wa baharini? (Msomaji wa Tanga, sasa Minneapolis)*

Jibu: Hatimaye swali la mtu aliyefikiri! Wewe wa Tanga unajua kwamba mwamba, kwa nahodha, ni kile kinachomzuia kufika ufukweni. Ndivyo walivyouona watu wa huko ukuta huu wa miamba, kunjo la ardhi lenye urefu wa karibu kilomita 160 lililozuia magari ya farasi kusafiri kutoka mashariki kwenda magharibi, wakauita kwa jina lile lile la kibaharia, *reef*, yaani mwamba wa baharini. Neno la kwanza, *Capitol*, limetokana na vilele vyeupe vya mviringo vinavyofanana na kuba la jengo la bunge kule Washington. Sasa utaelewa pia kwa nini Grand Wash na Capitol Gorge zina thamani kubwa: ni milango katika mwamba, kama vile mlango wa bahari ulivyo kwa jahazi, na kilichoitoboa milango hiyo ni maji yale yale niliyomwonya Mama wa Denver.

Swali: *Ni kweli kwamba mtu anaweza kuchuma matunda ndani ya hifadhi?*

Jibu: Ni kweli. Walowezi wa Kimormoni walipanda miti ya matunda pale Fruita, kijiji chao cha zamani kilicho ndani ya hifadhi, tangu miaka ya 1880, na hifadhi bado inaitunza. Cheri na aprikoti hutangulia mwanzo wa kiangazi, pichi hufuata Agosti, na matofaa huja Septemba na Oktoba. Chuma tu katika shamba ambalo kibao kinasema limefunguliwa, tumia ngazi zilizowekwa badala ya kupanda mti, pima ulichochuma, na uweke fedha ndani ya sanduku hata kama hakuna anayekuangalia. Hapo karibu, katika nyumba ya kale ya familia ya Gifford, huuzwa pai za matunda, nazo huisha mapema, kwa hiyo zinunue kabla ya kupanda Hickman Bridge.