Kwa nyie mnaotumwa kuhamisha ofisi kutoka AutoCAD kwenda Revit

Wadogo zangu, kuna kijana kaletwa ofisi moja hapa Mtwara mjini kuwafundisha wachoraji Revit, programu inayojenga modeli ya jengo zima ndani ya kompyuta, badala ya AutoCAD waliyozoea kuchorea mstari kwa mstari. Asubuhi ya kwanza kabisa kawawekea ghorofa la vioo kwenye projekta, analizungusha, analikata katikati, anawasha jua la saa kumi jioni. Watu wakapiga makofi. Mchana wakarudi AutoCAD kumalizia kazi zao, na mpaka naandika hapa wako huko huko. Kijana ni mzuri, programu anaijua kuliko mimi, lakini nimeanza kuchoka kuwaona mnarudia yale yale kila mwaka na sura tofauti. Naandika mara moja, akija mwingine namtumia.

1. Anza na karatasi. Ofisi ya usanifu inaishi kwa seti ya ramani: inayopelekwa manispaa kuombea kibali cha ujenzi, inayokwenda kwa mhandisi wa miundo na kwa mkadiriaji majenzi, na ile inayochanika saiti ikiwa imegandamizwa kwa tofali isipeperuke. Mchoraji wa AutoCAD amezoea kwamba rangi ya mstari ndiyo unene wa kalamu. Akiprinti kwenye Revit mara ya kwanza, ukuta ukatoka mwembamba sawa na mstari wa kipimo, ameshakuhukumu, na jua la saa kumi halitakuokoa. Kabla hujakanyaga ofisini omba seti moja waliyoitoa karibuni, kaa nayo nyumbani, na usirudi mpaka kiolezo chako, yaani lile faili la kuanzia lenye mipangilio yote tayari, kitoe karatasi ya A1 inayofanana nayo, hadi nafasi ya muhuri wa mbunifu aliyesajiliwa na Bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi.

2. Tazama kalenda ya hapa, si ya Dar. Minada ya korosho ikianza Oktoba, mtu ambaye mwaka mzima alikuwa anapita kusalimia tu anaingia na picha ya nyumba kwenye simu, na ramani anaitaka wiki hiyo hiyo. Hakuna ofisi itakayojifunza chochote katika msimu huo, na ukilazimisha watakuchukia wewe na programu yako. Njoo Februari, Machi, mvua ikiwa imetuliza saiti. Na Ijumaa usipange somo linalovuka saa sita mchana, utabaki wewe na projekta.

3. Kazi ya majaribio iwe nyumba mpya, ya chini, vyumba vitatu, ambayo haijaanza kuchorwa. Kazi yenye kibali tayari imaliziwe kule kule ilikoanzia. Na tafadhali, tafadhali, msichague nyumba ya kale ya Mikindani kwa sababu eti inapendeza kwenye picha. Zile kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake unabadilika ukitembea hatua tatu, na hakuna pembe hata moja iliyonyooka. Hata mkongwe wa Revit anatoka jasho pale. Mnamwanzishia nayo mtu ambaye jana ndiyo amejua kufungua mradi?

4. Ukuta. Hapa nitakaa, kwa sababu yule kijana alipofika hapa alisema “chagueni ukuta wowote, tutarekebisha baadaye,” nikahisi tumbo linacheza.

Violezo vinavyokuja na programu vina kuta za kwao: safu mbili za tofali, uwazi katikati, na tabaka la kuzuia baridi. Sisi baridi tunaisikia kwenye redio. Kuta zetu ni tofali la saruji la inchi 6, lipu ndani, lipu nje, basi. Kwa hiyo nilipopewa ofisi yangu ya kwanza kuihamisha, nilitengeneza ukuta wetu kwa fahari: tofali milimita 150, lipu 15 kila upande, jumla 180. Ukikata sehemu, lipu inaonekana na vinukta vyake. Nikawaonesha kila mtu.

Pale ofisini kulikuwa na mzee, mchoraji aliyeanzia kwenye ubao, enzi za kalamu za wino na wembe wa kukwangulia makosa. Katikati ya somo akaniuliza, “Mwanangu, hivyo vipimo vinashika lipu au vinashika tofali?” Nikamjibu, “Hilo tutafika, mzee wangu,” nikaendelea na madirisha. Hatukufika.

Kwenye AutoCAD wao walikuwa wakichora mistari miwili iliyoachana 150, tofali tupu. Lipu hakuna aliyeichora. Vipimo vilikwenda tofali kwa tofali na fundi alijua lipu itakuja kula nafasi yake. Desturi hiyo haikuandikwa popote, ilikaa vichwani mwa wachoraji na mafundi waliozoeana miaka. Mimi nikaja na ukuta wa 180, na vipimo vikishika uso wa lipu, nikaifuta desturi nzima bila kujua kwamba ipo.

Kazi iliyotoka ilikuwa nyumba ya wageni, upande wa kuelekea Mikindani: vyumba sita mstari mmoja, kila kimoja 3600 ndani. Kwenye karatasi ikasomeka 3600, ukuta 180, 3600, ukuta 180, hadi mwisho. Gridi, ile mistari ya kupangia nguzo, zilipita katikati ya kuta, kwa hiyo zikaachana 3780. Mhandisi wa miundo akazichukua, akapanga nguzo zake kila 3780. Msingi ukachimbwa kwa ramani ya mhandisi na nguzo zikasimama. Kisha fundi akafungua ramani yetu kupandisha kuta. Anapima chumba 3600, anapanga tofali, tofali lake ni 150, anapima tena 3600. Kila chumba kinamvuta nyuma milimita 30. Ukuta wa pili jicho halioni. Wa nne umeshakosa 90. Wa saba umekosa 180, yaani unakaribia kuwa nje kabisa ya nguzo unayotakiwa kushikana nayo.

Fundi alishtuka mapema, kozi za kwanza tu za tofali, akapiga simu. Simu hiyo inaniuma kuliko kuta zenyewe. Alisema kwa adabu kabisa, “Bosi, huku vyumba na nguzo havikubaliani, nifuate kipi?” Nilikuwa darasani, wachoraji wote mbele yangu, nikaona hii ndiyo nafasi ya kuwaonesha mfumo mpya unavyofanya kazi. Nikaweka spika. Nikamwambia, “Fundi, fuata ramani. Zamani kipimo kiliandikwa na mtu, sasa hivi kinatoka kwenye modeli yenyewe, hakiwezi kudanganya.” Nilitamka maneno hayo, kwa sauti ya mwalimu. Vijana wakatikisa vichwa. Mzee akavua miwani akaanza kuifuta.

Na kweli kipimo hakikudanganya. Kilisema chumba kikishapigwa lipu kitakuwa 3600. Hakuna aliyemwambia fundi kwamba ndicho kinachosemwa.

Nilipofika saiti kuta zilikuwa kozi ya sita. Mwenye nyumba hakupiga kelele. Aliuliza tu, gharama ya kubomoa iko ukurasa gani kwenye makadirio. Haikuwa ukurasa wowote. Ofisi ikalipa tofali, saruji na posho za mafundi, na sehemu ikakatwa kwenye malipo yangu, kwa haki. Yule fundi alibomoa kuta alizozijenga kwa amri yangu, na hata mara moja hakusema “si nilikuuliza?” Ningeshukuru angesema. Ilibidi nimfuate mwenyewe pale kwenye kivuli cha mkorosho nimwombe radhi, na alichonijibu ni, “Mkiandika tofali kwa tofali, mimi sina shida na kompyuta yenu.”

Dawa ni fupi mno kwa kisa kirefu namna hii: vipimo vya ujenzi vishike uso wa kiini cha ukuta, ambacho ndicho tofali, kuta zichorwe zikifuata katikati ya kiini, na kila plani iandikwe kwa herufi zinazosomeka kwamba vipimo vyote ni tofali kwa tofali, kabla ya lipu. Kisha kaa na fundi mmoja, mwoneshe karatasi, mwulize anasoma nini. Mwulize yeye asome, usimsomee.

5. Mzee wa ofisi awe mwanafunzi wako wa kwanza. Nyie mnamwacha nyuma kwa sababu anachelewa na kipanya. Hajachelewa: mkono wake wa kushoto uko kwenye kibodi unasubiri amri, miaka yote ameandika herufi mbili akabonyeza kitufe cha nafasi, na wewe umemlazimisha kutafuta vitufe juu ya skrini kama mtoto. Mpe herufi zake. WA ni ukuta, DR mlango, WN dirisha, AL kulinganisha, DI kipimo. Zichapishe, zibandike ukutani. Baada ya hapo atawapita hao vijana.

Mwambieni na ukweli kwamba ujuzi wa AutoCAD hautahama wenyewe. Watu wanadhani ni kitu kimoja kwa kuwa nembo ni ya Autodesk. AutoCAD ilitoka 1982 ikiwa kalamu ya kuchorea. Revit ilitoka 2000 kwa kampuni nyingine kabisa, Autodesk wakainunua 2002. Ni watoto wa matumbo tofauti wanaolelewa na baba mmoja. Kwenye ile ya kwanza unachora mstari na maana yake anaijua msomaji. Kwenye hii unaweka ukuta, na programu inataka useme sasa hivi ni wa nini, unaanzia usawa gani, unaishia wapi, mambo ambayo zamani tulimwachia fundi aamue saiti. Anayejua majibu hayo ofisini ni mzee. Pale nilipoharibu, leo kiolezo kiko mikononi mwake, na hakuna anayeongeza aina ya ukuta bila kupita mezani kwake. Shikamoo yake mimi naitoa kwa unyenyekevu kuliko zamani.

6. Faili kuu, ile moja ya mradi inayokusanya kazi ya ofisi nzima, haifunguliwi, kila mtu anafungua nakala yake na kusawazisha kabla ya chai, kabla ya swala, kabla ya kwenda nyumbani, na kila wingu likitanda maana umeme haupigi hodi. Unganisheni kompyuta kwa waya, achaneni na waifai ya sebuleni. Faili kuu isikae kwenye folda inayojipakia yenyewe intaneti. Na flashi marufuku. Kuna dada mmoja, mchapakazi haswa, alibeba faili kwenye flashi Ijumaa akafanye kazi nyumbani kwa moyo mweupe, Jumatatu akairudisha juu ya faili kuu. Wenzake walikuwa wameshinda Jumamosi wakihamisha mabafu. Mabafu yote yakarudi yalipokuwa. Tulicheka baadaye, baadaye sana.

7. Revit haishuki ngazi. AutoCAD unaweza kuhifadhi kwa toleo la zamani ukamtumia mwenzako. Revit ukishafungua mradi kwa toleo jipya na kuuhifadhi, la zamani haliufungui tena. Kabla ya mradi kuanza piga simu kwa mhandisi, uliza anatumia ya mwaka gani, mkubaliane, mbaki hapo hadi jengo liishe hata kama kompyuta inakubembeleza kila asubuhi upandishe. Asiyekuwa na Revit mtumieni DWG, faili la AutoCAD, au IFC, faili linalosomwa na programu nyingi, na mfungue wenyewe kwanza muone kilichotoka.

8. Pesa. Bosi aelezwe mapema kwamba leseni ni ya kulipia kwa kipindi, haununui ukamaliza. Revit LT ni nafuu lakini haina kazi ya pamoja kwenye modeli moja, kwa hiyo inafaa ofisi ya mtu mmoja. Leseni ya mwanafunzi ni ya kusomea, msiende nayo kwenye kazi ya mteja, na msijifanye hamkusikia. RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta ya kufanyia kazi, pa kuanzia ni GB 16. Laptopu ya GB 4 iliyokuwa inachora AutoCAD vizuri tu itageuka pasi ya kunyoosha nguo.

9. Usiondoke siku ya mwisho ya somo. Ondoka baada ya seti ya kwanza kwenda manispaa na kurudi na maswali, kwa sababu maswali ya manispaa ndiyo mtihani wenyewe. Na acha namba yako ya simu ukijua watakupigia usiku, wakisema ploti imetoka karatasi nyeupe tupu na mteja anasafiri alfajiri. Waulize kwanza ukubwa wa karatasi waliochagua. Mara nyingi iko A4.