Chumbe kwa siku moja, bila kulala

Inawezekana kwenda kisiwa cha Chumbe na kurudi Unguja siku hiyo hiyo, ila wageni wa mchana hupokewa tu pale ambapo nyumba 7 za kulala hazijajaa, kwa hiyo nafasi yako iombwe mapema. Sababu ni kwamba kisiwa hiki ni hifadhi, na mwamba wake wa matumbawe wa upande wa magharibi ulitangazwa rasmi kuwa eneo lililolindwa mwaka 1994; idadi ya watu hudhibitiwa kwa makusudi, na hakuna anayezurura peke yake bila mwongozaji, jambo ambalo mimi naliona la haki.

Boti huondoka asubuhi kutoka Mbweni ya Unguja. Ratiba ya siku hufuata maji: yakijaa mnaogelea kwa miwani na bomba la kupumulia, kwa kuwa kuzamia kwa mitungi hakuruhusiwi kwa watalii, na yakipwa mnatembea ufukweni au msituni, ambako njia hupita juu ya mawe makali ya matumbawe ya kale, hivyo ndala hazifai hata kidogo, vaa viatu vilivyofungwa. Mnara wa taa wa mwaka 1904 unapandwa.

Ikiwa unachokitafuta hasa ni kaa wa nazi, wale wakubwa wanaopanda miti, fahamu kwamba hutoka usiku, na safari ya mchana huenda isikuonyeshe hata mmoja.