Mama mkwe wako hamharibu mtoto, anamjua

Shikamoo Shangazi. Nina mtoto wa kiume wa miaka minane, na tangu aanze shule sijui raha. Hatulii, anadakia maneno ya wakubwa, anapoteza madaftari, na kazi ya shule ya nusu saa inakula jioni nzima. Nimemchapa, nimemnyima kucheza, nimemwondolea sukari, hakuna kilichobadilika. Mume wangu alimpeleka hospitali bila ridhaa yangu. Daktari alituuliza maswali mengi, akamuuliza na mwalimu, mwishowe akasema ana ADHD, tatizo la kukosa umakini na utundu uliopitiliza. Alitupa barua ya kupeleka shuleni. Nimeificha, sitaki mwanangu aitwe mgonjwa wa akili kwa ugonjwa wa kisasa. Tena akiwekewa katuni anakaa saa mbili bila kutikisika, kwa hiyo najua akitaka anaweza. Kinachoniumiza zaidi ni mama mkwe, ambaye tunaishi naye. Anamdekeza. Anamtuma kitu kimoja kimoja, anamruhusu asome amesimama, na akikosea hamgusi. Kwake mtoto anamaliza kazi, kwangu hamalizi. Naona amemgeuza moyo. Na anathubutu kusema mbele ya wageni kwamba hata baba yake alikuwa hivyo hivyo! Ndugu na majirani wanasema nimeshindwa kulea, na mume wangu badala ya kunitetea anawaeleza watu hali ya mtoto. Nataka mama mkwe aondoke, la sivyo narudi kwetu. Nishauri.
Mama Niliyeaibika

Marahaba mwanangu. Kulea mtoto asiyetulia kunachosha mwili na roho, na wengi wanaokusema hawajawahi kukaa naye mezani jioni hata moja. Pole sana. Sasa nikwambie nilichokiona katika barua yako, najua hutakipenda.

Unasema mumeo alimpeleka mtoto hospitali bila ridhaa yako, halafu hapo hapo unasema daktari aliwauliza maswali. Basi ulikuwepo, ulijibu, na ulisikia alichosema. Kilichokukera ni jibu lenyewe. Kisha umenieleza majirani wanasema nini, ndugu wanasema nini, wageni wamesikia nini, lakini mtoto hajasema neno katika barua nzima. Anaipenda shule? Ana rafiki? Usiku baada ya kuchapwa analala vipi? Hukuandika, na nadhani hukuuliza.

Tuje kwa mama mkwe, maana hapo ndipo umejifunga mwenyewe. Umeandika kwa mkono wako kwamba kwake mtoto anamaliza kazi. Mtoto mwenye hali hii ukimpa maagizo matatu kwa mpigo, la kwanza analishika, mengine yanampotea kabla hajafika mlangoni, nawe unadhani amekudharau. Bibi anamtuma kitu kimoja, akimaliza anamtuma kingine. Anamwacha asome amesimama kwa sababu ameona kwamba mwili ukiruhusiwa kucheza kidogo, akili inabaki kwenye daftari. Hayo ndiyo wataalamu wanayowafundisha wazazi, na kwa watoto walio chini ya miaka sita mafunzo hayo ya wazazi hutangulia dawa. Mama mkwe wako hakuyapata darasani. Alikwisha kulea mmoja, na huyo mmoja alikua, akajitegemea, ukamwona anafaa ukakubali kuolewa naye.

Kwa hiyo aliposema baba yake alikuwa hivyo hivyo, wewe ulisikia tusi, daktari angesikia habari ya maana. ADHD inarithiwa kwa kiwango kikubwa. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba takriban asilimia 74 ya tofauti baina ya mtoto na mtoto katika hali hii inatokana na urithi. Maneno ya yule mama yalikuwa yanakuondolea lawama mbele ya wageni, ukanuna.

Na mumeo vivyo hivyo. Unalalamika hakutetei. Mwanangu, anaposimama mbele ya ndugu zake na kusema mtoto ana tatizo linalojulikana hospitalini, anawaambia nini kama si kwamba mke wake hakushindwa kulea? Utetezi ulioutaka umeupata, ila haukuja na maneno uliyoyatarajia. Kosa lake ni moja tu: habari za mtoto ni za mtoto. Ziende kwa wanaomlea na wanaomfundisha, zisiwe mazungumzo ya kila kikao. Hilo mwambie kwa utulivu, nina hakika atakuelewa.

Kuhusu watu, hapo niko upande wako. Watu wamekuzwa na methali ya mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, basi mtoto akiruka ruka mbele za watu macho yote yanamgeukia mama. Baba aliyeketi kando hakuna anayemtazama. Ni dhuluma, na inawafanya akina mama wengi wawachape watoto hadharani ili tu waonekane wanachukua hatua. Jiulize fimbo ngapi kati ya hizo zilikuwa za mtoto, na ngapi zilikuwa za majirani.

Ugonjwa wa kisasa, unasema. Mwaka 1902, jijini London, daktari wa watoto George Still aliwaeleza madaktari wenzake kuhusu watoto wenye akili timamu ambao hawawezi kushikilia umakini wala kujizuia. Hata yeye aliiona hali hiyo kuwa kasoro ya kudhibiti maadili. Sayansi ikasonga mbele. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya picha za ubongo wa watoto wenye ADHD, wakaonyesha kuwa tabaka la juu la ubongo wao hukomaa kwa kuchelewa, kwa wastani miaka kama mitatu, na zaidi katika sehemu za mbele zinazohusika na kupanga na kujizuia. Majirani zako bado wako mwaka 1902. Wewe usibaki huko nao.

Sukari nayo imesingiziwa muda mrefu. Kuna jaribio lililochapishwa mwaka 1994: baadhi ya akina mama waliambiwa watoto wao wamepewa sukari nyingi, kumbe hakuna mtoto aliyepewa. Waliodanganywa hivyo wakawaona watoto wao kuwa watukutu kuliko walivyoonwa wale wengine, wakawakosoa zaidi na kuwaganda zaidi. Fikiria basi mtoto ambaye ukoo mzima umeshaambiwa kwamba hana adabu. Afanye nini aonekane mwema?

Katuni zisikudanganye. Katuni hubadilika kila sekunde na kumpa raha papo hapo, haimdai jitihada. Hesabu za kuzidisha zinamdai ajilazimishe kubaki kwenye kitu kisichomvutia, na hapo ndipo penye tatizo lake. Umakini anao, kuuelekeza anakotaka ndiko kunakomshinda. Najua pia unayo methali mkononi, mchelea mwana kulia hulia yeye. Sikuambii umwache bila mipaka. Mtoto huyu anahitaji mipaka kuliko wengine, ila iwe michache, iwe ile ile kila siku, na sifa au adhabu ndogo ije pale pale, kwa sauti ya kawaida. Kumnyima kucheza ndiyo mbaya kabisa, maana umemwondolea nafasi pekee ya kuutoa mchecheto wake.

Kwa wasomaji wengine, msikimbilie kumpachika jina hili kila mtoto mtundu. Daktari makini hutafuta dalili zilizodumu angalau miezi sita, zilizoanza kabla ya miaka 12, zinazoonekana nyumbani na shuleni pia, na zinazomkwamisha mtoto kweli. Imeonekana katika nchi kadhaa kwamba watoto wadogo kiumri kuliko wenzao darasani hupewa jina hili mara nyingi zaidi, kumbe baadhi yao wanahitaji tu kukua. Na wapo wasichana waliokaa kimya, wanatazama dirishani, hawamsumbui mtu, ambao hakuna anayewashtukia. Daktari wenu aliwauliza wazazi na mwalimu, alifanya kazi yake.

Ndoa za siku hizi zina ugonjwa unaonitisha kuliko huu. Watu wanazaa mtoto wakitaka awe picha ya kuwaonyesha wengine kwamba nyumba yao imefanikiwa. Akizaliwa mtulivu, anatangazwa kila mahali. Akizaliwa na lake, anafichwa, na mwenzi anayekataa kumficha anaitwa msaliti. Mke anajua maoni ya marafiki zake wote kuhusu mtoto, ya mumewe hayajui. Mume anamaliza siku kazini, jioni anamaliza simu, akiulizwa kuhusu mwanawe anasema mwulizeni mama yake. Wewe umepata mume aliyeacha shughuli zake akampeleka mwanawe hospitali na hakumwonea haya. Kuna wanawake wanaosoma hapa wakilia kwa kukosa mtu kama huyo. Nawe unataka kufunga mizigo urudi kwenu! Kwa lipi? Mama mkwe asiondoke, na wewe usiondoke.

Barua ya daktari itoe ulikoificha. Mficha uchi hazai. Unaogopa mwanao atapewa jina, lakini majina anayo tayari: mkaidi, mzembe, mtovu wa adabu, na mengine umempa wewe. La daktari ndilo la kwanza linalokuja na msaada. Takriban mtoto mmoja kati ya 20 duniani ana hali hii, kwa hiyo huenda mwalimu ameshawafundisha wengine bila kujua. Pelekeni barua pamoja na mumeo. Ombeni akae mbele karibu na mwalimu, mbali na dirisha na mlango, apewe kazi kwa vipande, atumwe kufuta ubao anapoanza kuhangaika, na asinyimwe mapumziko kama adhabu.

Leo usiku kaa na mtoto, umwambie kwamba hakuchagua kuwa hivi na kwamba hutampiga tena kwa kusahau. Sema hivyo tu, usimhubirie.

Suala la dawa hukuligusa, lakini huenda mkaliletewa mbele. Dawa kama methylphenidate zimetumika kwa miongo mingi na huwasaidia watoto wengi. Zina madhara pia, hasa kupunguza hamu ya kula na kuchelewesha usingizi, kwa hiyo mtoto hufuatiliwa uzito, urefu na mapigo ya moyo. Usiikatae kwa sababu ya majirani wala usiikubali kwa sababu umechoka. Rudini kwa daktari, mwulizeni dawa itamsaidia nini, itapimwaje kama inafanya kazi, na lini itaangaliwa upya. Nendeni wewe na mumeo, na mwombeni mama mkwe mfuatane, kwa sababu daktari akiuliza utoto wa baba ulikuwaje, yeye ndiye mwenye majibu.