Laini ya Mbps 50, faili za GB 500: mbona saa 25?

SWALI: Fundi, habari za kazi? Nilikuwa na faili za GB 500 (ndivyo Windows inavyosoma) za kupandisha kwenye seva iliyo mbali. Laini yetu ya intaneti ni Mbps 50, kupandisha na kushusha. Nikapiga hesabu: GB 500 ni MB 500,000, nikagawanya kwa 50, nikapata sekunde 10,000, yaani chini ya saa tatu. Kazi imechukua saa 25! Muda wote programu ilikuwa inaonyesha 5.6 au 5.7 MB/s. Je, tunapunjwa kasi? Halafu, programu ina kisanduku cha kuweka kikomo cha kasi, kimeandikwa KB/s. Niandike ngapi ili wenzangu ofisini wabaki na nusu ya laini?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Hampunjwi. Nimeirudia hesabu yako na saa 25 zinatoka zote, kwa hiyo usimpigie mtoa huduma wako kwa hasira.

Sehemu kubwa ya tofauti imo kwenye herufi moja. Mbps ni megabiti kwa sekunde, na b yake ni ndogo. MB ni megabaiti, B kubwa. Baiti moja ni biti nane. Ulipogawanya 500,000 kwa 50 uligawanya megabaiti kwa megabiti, sawa na mtu anayegawanya kilo kwa ratili. Anza kwa kuzidisha: MB 500,000 mara 8 ni megabiti 4,000,000. Sasa gawanya kwa 50, unapata sekunde 80,000, yaani saa 22 na dakika 13. Hapo tayari tumeshaikaribia siku nzima.

Kosa hili nalijua vizuri kwa sababu nimelifanya mwenyewe, tena kazini. Nilikuwa nahamisha data za TB 2 (terabaiti, yaani GB 2,000) kwenye laini ya Mbps 100, nikamwambia mteja kwamba usiku mmoja unatosha na ziada. Kulipokucha wafanyakazi wakaingia, mfumo wao haujarudi, na kazi haijafika hata nusu. Ilihitaji zaidi ya saa 44. Tangu siku ile siandiki namba ya kasi bila kipimo chake pembeni, hata kwenye karatasi ya kutupa. Ukiandika "500,000 MB ÷ 50 Mb/s" jicho lenyewe linagoma.

Bado kuna saa tatu hivi hatujazieleza, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa na kusema kompyuta zinadanganya. Windows inaposema GB 500 haihesabu kwa maelfu, inahesabu kwa 1024: KB moja ni baiti 1024, MB moja ni KB 1024, na kuendelea. Desturi hii ilitoka kwenye kumbukumbu za kompyuta, ambazo ukubwa wake huenda kwa vipeo vya mbili (2, 4, 8, 16, hadi 1024 na kuendelea). Kasi ya mtandao haijawahi kufuata desturi hiyo. Mbps 50 ni biti 50,000,000 kwa sekunde, kamili. Tofauti ni ndogo kwenye kilo (KB), asilimia 2.4, lakini inakua kila unapopanda: kwenye giga (GB) ni asilimia 7.4, na kwenye tera (TB) inakaribia 10. Ndiyo maana diski mpya ya TB 1 ikichomekwa kwenye Windows inasomeka GB 931. Hakuna kilichoibwa humo.

Mwaka 1998 shirika la viwango la IEC lilitoa majina ya kutenganisha mambo haya: kibibaiti, mebibaiti, gibibaiti, yanayoandikwa KiB, MiB na GiB. Mimi nayapenda na ningefurahi yangetumika kila mahali. Windows hadi leo inaandika GB huku ikimaanisha GiB, wakati kompyuta za Apple zimekuwa zikihesabu kwa maelfu tangu mwaka 2009. Faili ileile inasomeka namba mbili kwenye mashine mbili.

Basi GB 500 zako ni baiti bilioni 536.9. Zidisha kwa 8, gawanya kwa milioni 50: sekunde 85,900, karibu saa 23 na dakika 52.

Iliyobaki ni gharama ya njia. Data haisafiri tupu; inakatwa vipande, na kila kipande kinabeba anwani na taarifa za kukagua makosa. Kwenye Etheneti ya kawaida, yaani mtandao wa waya wa ofisini, kila kipande kikubwa kinachukua nafasi ya baiti 1538 kwenye waya, lakini za faili lako ni 1460 tu. Hiyo ni asilimia 95 kwa kukadiria, kwa hiyo Mbps 50 zinabaki kama 47.5. Gawanya kwa 8 unapata megabaiti 5.93 kwa sekunde, na kwa hesabu ya 1024 ni 5.66. Ndiyo ile 5.6 au 5.7 uliyoiona kwenye kioo! Kwa kasi hiyo GB zako 500 zinachukua saa 25 na dakika chache. Laini yenu inafanya kazi vizuri kabisa.

Kwa makadirio ya haraka, mimi huigawanya kasi ya laini kwa 10 badala ya 8. Mbps 50 naihesabu kuwa MB 5 kwa sekunde, na kazi yako ingekadiriwa saa 28. Afadhali imalizike mapema kuliko kumwahidi mtu asubuhi. Kwa USB 3.0 ya Gbps 5 (gigabiti kwa sekunde) na SATA, njia ya kuunganisha diski ndani ya kompyuta, ya Gbps 6, kumi ndiyo hesabu yenyewe, kwa sababu huko kila baiti hutumwa kama biti kumi. Ndipo zinapotoka MB 500 na MB 600 kwa sekunde.

Sasa kisanduku chako. Nusu ya laini ni Mbps 25, na wengi huandika 25000 wakidhani kilo ni kilo. Hiyo ni KB 25,000 kwa sekunde, sawa na Mbps 200, mara nne ya laini nzima, na kikomo hakifanyi kazi yoyote. Wenzako watalalamika na wewe utaapa kwamba umeshapunguza. Njia ni hii: Mbps 25, toa gharama ya njia, zinabaki 23.7, gawanya kwa 8, kisha badili kwenda KB za 1024. Jibu ni karibu 2,900. Andika 2900.

Kwa kikomo hicho kazi nzima ingekula saa 50, lakini hutaifanya tena nzima. Weka programu itume faili zilizobadilika tu. Zikiwa GB 20 kwa siku, ni saa mbili, na ofisi inaendelea na kazi.